SHEIKH, NIMEPANGIWA KUSOMA UCHUMI. NIENDE AU NIACHE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila msimu wa vijana kupata majibu ya vyuo, ujumbe wa aina moja hunijia kwa wingi. Wa juzi ulikuwa hivi: "Sheikh, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa EGM. Nimechaguliwa chuo kikuu kusoma shahada ya uchumi. Mjomba wangu anasema hiyo ni elimu ya riba, na nikisoma nitaishia kuandika mikataba ya riba. Mama anataka niende. Niende au niache?"

Natoa jibu mwanzoni kabisa, ili hata mwenye kifurushi cha intaneti kinachokaribia kwisha asiondoke bure. Nenda ukasome, mwanangu. Nenda kwa nia njema, lakini usiende mikono mitupu.

Sasa tulia tuzungumze.

NITAANZA NA KOSA LANGU

Miaka mingi nyuma kijana mwingine aliniuliza swali hilihili. Tulikuwa mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Isha, viatu mkononi, nina haraka ya kurudi nyumbani. Nikamwambia, "Achana nayo hiyo, soma kitu kingine." Dakika moja haikuisha. Kijana akanisikiliza kwa adabu, akabadilisha kozi, akasoma jambo ambalo moyo wake haukulitaka.

Leo nikijihesabu, najua sikumpa dalili yoyote siku ile. Nilimpa hofu yangu. Nilisikia neno "benki" nikafunga mlango. Namuomba Allah anisamehe, na yeye kama anasoma hapa anisamehe.

Kilichonifungua macho hakikuwa kitabu. Alikuwa ni mama mmoja muuza vitumbua.

Nilikuwa natoa darsa kwa akina mama kuhusu mikopo ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Nikataja aya za Suratul Baqara zinazowapa wala riba habari ya vita kutoka kwa Allah na Mtume wake. Nikataja hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (SAW) amemlaani mlaji wa riba, mlipaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Watu wakalia. Nikaona darsa limefana.

Mwisho wa darsa yule mama akanyoosha mkono. Akasema, "Sheikh, tumesikia na tumekubali. Haramu ni haramu. Sasa kesho alfajiri unga na mafuta ninunue kwa fedha ipi?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nikamwambia asubiri, Allah ni Mwenye kuruzuku. Maneno hayo ni ya kweli, lakini nilijua moyoni kwamba nimeyatumia kufunika ujinga wangu.

Ndugu yangu, sheikh anayesema riba ni haramu kisha hawezi kusema mama huyu apate vipi mtaji, amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili inahitaji mtu aliyekaa darasani akasoma jinsi fedha inavyozunguka, kwa nini maskini hukopa ghali kuliko tajiri, na mfuko wa kusaidiana unakufa kwa sababu gani. Mtu huyo anaitwa mchumi. Na sisi tumewakatisha tamaa watoto wetu wasiwe wachumi.

HAYA SI MAPYA KATIKA DINI YETU

Fungua Surat Yusuf. Nabii Yusuf (AS) alipotoka gerezani alimuomba mfalme amsimamishe juu ya hazina za nchi, na akajieleza kwa sifa mbili: mhifadhi na mjuzi. Uaminifu na elimu, vyote kwa pamoja. Kwa nafasi ile uaminifu peke yake ungeweza kuangusha nchi, na elimu bila uaminifu ingeiba ghala.

Tazama na mpango wenyewe. Miaka saba ya kulima, mavuno yaachwe katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha miaka saba ya ukame. Hiyo ni bajeti ya miaka kumi na nne, pamoja na akiba ya chakula na kudhibiti matumizi. Na aliifanya ndani ya ufalme ambao haukuendeshwa kwa sheria yake.

Mtume wetu (SAW) alikuwa mfanyabiashara kabla ya utume, na Madina alisimamia soko kwa macho yake. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba msimamizi wake wa Khaybar alimletea tende nzuri sana. Akamuuliza kama tende zote za Khaybar ziko hivyo. Akajibu kuwa wao hubadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya zile nzuri. Mtume akamkataza. Lakini hakuishia hapo. Akamwelekeza auze zile duni kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo anunue zile nzuri. Umeiona njia ya Mtume? Amefunga mlango wa haramu na papo hapo akafungua wa halali. Mimi na yule mama wa vitumbua nilifunga mmoja nikaenda zangu.

Imam al-Ghazali katika Ihya ameitaja hesabu pamoja na udaktari miongoni mwa faradhi kifaya, yaani elimu ambazo wasipopatikana watu wa kuzijua, mji mzima unaingia lawamani. Mirathi inahitaji hesabu, na biashara vilevile. Basi leo, katika zama ambazo bei ya mafuta ya taa ya bibi yako kijijini inafuata soko la dunia, elimu ya uchumi itakosaje kuingia katika faradhi hiyo?

Na wazee wetu waliisoma na kuiandika. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, alieleza katika Muqaddima yake jinsi dola changa inavyotoza kodi ndogo na kupata mapato makubwa, na dola inayozeeka inavyotoza kodi kubwa na kuambulia kidogo, kwa sababu watu huvunjika moyo wa kufanya kazi. Mwanafunzi wake al-Maqrizi alishika kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, mjini Cairo. Njaa ilipoipiga Misri mwanzoni mwa karne ya 15, hakuridhika kusema tu kuwa ni mtihani. Aliandika kitabu kizima kutafuta sababu, akataja vyeo kununuliwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa, na sarafu za shaba kumwagwa sokoni hadi fedha ikakosa thamani.

Alikuwa mwanachuoni huyu. Aliamini qadar kama wewe na mimi. Na bado alihesabu.

LAKINI SHEIKH, SI WANAFUNDISHA RIBA?

Mjomba wa yule kijana asidharauliwe. Ghera yake ni ya dini. Ila tumsaidie kupambanua.

Anayesoma udaktari anasoma sumu na maradhi. Hatusemi amekunywa sumu. Laana iliyokuja katika hadithi ni ya mwenye kula, kulipa, kuandika na kushuhudia mkataba wa riba. Kujua riba inavyofanya kazi ili uwakinge watu nayo ni jambo lingine.

Chukua mfano wa kausha damu. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000, arudishe 130,000 kwa siku thelathini, kidogo kidogo kila siku. Anaambiwa, "Riba yetu ni asilimia 30 tu." Hiyo peke yake ni mzigo. Lakini mwanafunzi wa uchumi atakuonyesha jambo ambalo mama hakuambiwa. Kwa kuwa analipa kila siku, ile 100,000 hakukaa nayo mwezi mzima. Ikifika siku ya kumi na tano ameshairudisha nusu. Ukichukua wastani, fedha aliyokuwa nayo mkononi kwa mwezi huo ni kama 50,000. Ametoa 30,000 kwa kutumia 50,000. Hiyo ni kama asilimia 60 kwa mwezi mmoja!

Mimi nilisimama mimbarini miaka yote hiyo nikisema riba ni dhulma, na hesabu hii sikuijua. Ningeijua, akina mama wangeiona dhulma kwa macho yao kwenye karatasi.

Tazama na jambo la pili. Wanafunzi wa Tanzania wanaosoma kwa Bodi ya Mikopo wanakumbuka ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofutwa mwaka 2021. Kabla haijafutwa, vijana waliniuliza, "Sheikh, hii ni riba au ni fidia ya shilingi kushuka thamani?" Swali zito. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC ililijadili suala la madeni na kushuka kwa thamani ya fedha katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ikaamua kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, na haifai kulifunga na kipimo cha bei. Sasa utaielewaje fatwa hiyo kama hujui kipimo cha bei ni nini, nani anakitengeneza, na bidhaa gani zinawekwa kwenye kapu lake? Masheikh wanahitaji wachumi wakae nao meza moja. Na afadhali mchumi huyo awe mtu anayejua wudhu wake.

DROO TATU

Mwanangu uliyepangiwa kusoma uchumi, nakupa njia nyepesi ya kukaa darasani. Chukulia elimu utakayopewa kama kabati lenye droo tatu.

Droo ya kwanza ni vyombo: hesabu, takwimu, kuchora michoro, kusoma jedwali, kupima sampuli. Hivi havina dini. Chukua vyote, tena uvishike kuliko wenzako. Usiwe yule kijana wa Kiislamu anayejificha nyuma ya dini kwa sababu hesabu imemshinda.

Droo ya pili ni maelezo ya mambo yanavyokwenda: bei inapandaje mvua ikikosekana, mfumuko wa bei unatoka wapi, mtu anahama shamba kwa nini. Hapa chukua huku ukipima. Wachumi wenyewe wanapingana, na nadharia ya jana leo hurekebishwa. Uliza, "Ushahidi wake uko wapi? Umepimwa wapi? Kwetu unafaa?"

Droo ya tatu ni maamuzi: kipi ni chema, mtu aishi kwa ajili ya nini, mali ni ya nani. Hapa ndipo pa kuwa macho. Somo la kwanza kabisa la mwaka wa kwanza utaambiwa kuwa matakwa ya binadamu hayana mwisho na rasilimali ni chache. Usikurupuke kusema ni ukafiri. Mtume (SAW) ametueleza katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba mwanadamu akiwa na bonde la dhahabu atatamani la pili, na hakuna kitakachomjaza ila udongo. Kwa hiyo maelezo yamekutana. Tofauti iko kwenye tiba. Darasani utafundishwa namna ya kugawa kilichopo baina ya matakwa hayo. Dini inakuongezea kwamba matakwa yenyewe hulelewa: kwa funga, kwa zaka, kwa kinaa, kwa kukumbuka kaburi.

Vilevile utasikia kwamba mtu mwenye akili ni yule anayetafuta faida yake tu. Andika kwenye mtihani jinsi mwalimu alivyofundisha, kwa sababu ni haki kujibu swali ulilioulizwa. Lakini moyoni ujue kwamba Answari waliogawana mali zao na Muhajirina walikuwa watu wenye akili timamu.

USIENDE KUJISIFU TU

Kuna ugonjwa mwingine nataka niuseme, na huu ni wetu sisi watu wa mihadhara.

Mtume (SAW) amekataza kuwaendea wasafirishaji njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim, muuzaji akifika sokoni akaijua bei ana hiari ya kuvunja mauzo. Sababu iko wazi: mmoja anajua bei ya mjini na mwingine haijui. Mwaka 2001 wachumi watatu, Akerlof, Spence na Stiglitz, walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi zao kuhusu masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi kuliko mwingine.

Tukisikia hivyo tunapiga takbira. "Waona! Uislamu ulitangulia!" Kisha tunakwenda kulala.

Ndugu yangu, takbira ni nzuri. Lakini nani amekwenda kwa mkulima wa machungwa wa Muheza akapima anapunjwa kiasi gani na anayemfuata shambani? Nani amehesabu lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu likajazwa kupita kipimo, linamnyang'anya mkulima wa viazi kilo ngapi kwa msimu? Tuna Suratul Mutaffifin inayowaonya wanaopunja vipimo. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri. Gunia la lumbesa linapita barabarani mbele ya msikiti, na sisi tuko kwenye mada ya kuwasema wenzetu.

Kutangulia kwa Mtume wetu ni hoja juu yetu. Tutaulizwa tulifanya nini nacho.

Na jambo lenyewe linataka elimu ya kina, kwa sababu hata hukumu za soko si za kukurupuka. Bei zilipopanda Madina, watu walimuomba Mtume (SAW) awapangie bei, akakataa, akasema mwenye kupanga bei ni Allah, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa dhulma ya mtu. Ameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Lakini amesema pia katika Sahihi Muslim kwamba anayeficha bidhaa ili ziadimike ni mkosaji. Na Ibn Taymiyya akaja akapambanua: bei ikipanda kwa sababu mazao yamepungua au watu wameongezeka, kuwalazimisha wauzaji ni dhulma, ikipanda kwa sababu wauzaji wamekula njama, mtawala ana haki ya kuingilia. Sasa sukari ikipanda mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, utajuaje ni ipi kati ya hizo mbili? Lazima apatikane mtu wa kupima. Bila yeye, sheikh ataishia kumlaani muuza duka wa mtaani ambaye pengine naye kauziwa ghali.

WALIOTANGULIA NJIA HII

Usidhani utakuwa wa kwanza. Umer Chapra alisoma uchumi hadi akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1961. Hakurudi na ukafiri. Alifanya kazi miaka mingi kama mshauri katika benki kuu ya Saudia, akaandika juu ya mfumo wa fedha usio na riba, na mwaka 1990 akapewa tuzo ya Mfalme Faisal ya Masomo ya Kiislamu. Kabla yake, mwaka 1982, tuzo hiyo aliipata Nejatullah Siddiqi, mwalimu wa uchumi wa Aligarh, India. Mwaka 1976 wachumi na masheikh walikutana Makka katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uchumi wa Kiislamu. Waliokaa pale kama wachumi, wengi walitoka katika vyuo hivihivi ambavyo mjomba anaviogopa.

Huku kwetu matunda tunayaona. Kenya ina Gulf African Bank tangu mwaka 2008, Tanzania ina Amana Bank tangu 2011. Una hoja juu ya namna zinavyofanya kazi? Vizuri sana. Basi soma, uingie, urekebishe. Kulalamika kwenye maoni hapa chini hakujatengeneza mkataba hata mmoja wa mudharaba.

TURUDI KWA MAMA WA VITUMBUA

Baada ya aibu yangu ile tukakaa wazee wa msikiti tukaanzisha kisanduku cha qardh hasan, mkopo mwema usio na nyongeza. Tulikuwa tumesikia habari za Akhuwat ya Pakistan, iliyoanza Lahore mwaka 2001, inayokopesha maskini bila riba na kukabidhi mikopo misikitini. Tukachangishana. Tukagawa kwa huruma na kwa dua.

Baada ya miezi michache kisanduku kikawa kitupu.

Tulikasirika. Tukawasema akina mama kwamba hawana uaminifu. Siku hiyo kulikuwa na binti mmoja nyuma ya pazia, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uchumi, amekuja likizo. Akaomba ruhusa ya kuuliza. "Sheikh, wangapi wamerudisha? Wamechukua siku ngapi? Kila mmoja anauza nini, na mwezi gani biashara yake inashuka?" Hatukuwa na daftari la hayo. Tulikuwa na orodha ya majina tu, nyingine imeandikwa nyuma ya bahasha.

Yule binti akakaa na akina mama mmoja mmoja kwa wiki mbili. Akagundua kwamba wengi walirudisha nusu kisha wakakwama kwa kuwa tuliwataka walipe kwa mkupuo mwisho wa mwezi, na fedha ya muuza vitumbua hailali hadi mwisho wa mwezi. Ada ya shule ikija inaimaliza, mtoto akiumwa inaimaliza. Wengine tuliwakopesha kiasi kikubwa kuliko biashara yao inavyoweza kubeba. Akapendekeza viwango vidogo, marejesho ya kila wiki, vikundi vya watano watano wanaojuana, na daftari. Hakuna riba hata senti. Kisanduku bado kipo. Ni kidogo, hakitoshi mtaa mzima, na wapo waliotukimbia. Lakini kipo, na yule mama wa vitumbua ni mmoja wa waliorudisha mara tatu na kukopa tena.

Niambie, binti yule alisoma elimu ya riba?

Na nikikumbuka yule kijana wa mlangoni mwa msikiti, najiuliza angetuletea nini.

MASHARTI YA SAFARI

Basi nenda, na uchukue haya.

1. Rekebisha nia. Kutafuta kazi na kumtunza mama ni ibada ukiikusudia. Ongeza na nia ya kuondolea watu dhiki.

2. Soma fiqhi ya muamalati sambamba na chuo. Sayyidna Umar (RA) hakutaka auze sokoni kwao asiyekuwa na ufahamu wa dini, kama alivyopokea Tirmidhi. Muuza ndizi anatakiwa hivyo, sembuse wewe utakayeshauri wizara? Tafuta sheikh mmoja karibu na chuo, saa mbili kwa wiki zinatosha kuanza: riba na aina zake, gharar, murabaha, musharaka, zaka, wakfu.

3. Chagua mada ya utafiti wako wa mwisho kwa macho ya umma. Andika juu ya zaka mtaani kwako, juu ya mali za wakfu zilizolala, juu ya lumbesa. Usinakili kazi ya mtu, hiyo nayo ni kupunja kipimo.

4. Fikiria kazi mapema. Mlango wa mchumi si dawati la mikopo ya riba peke yake. Kuna mipango ya halmashauri, takwimu, kilimo, ualimu, utafiti, biashara yako mwenyewe. Ukiletewa kazi yenye shaka, waulize wenye elimu kabla ya kusaini, usiulize baada ya mshahara wa kwanza.

5. Usiwadharau wazee wako. Utarudi na maneno makubwa. Mjomba hajui michoro, lakini hofu yake ya haramu ni hazina. Mbusu mkono, mweleweshe taratibu.

Na nyinyi wazazi na masheikh wenzangu, neno moja. Kijana akituuliza, tukae chini. Tuweke viatu chini kwanza. Kama hatujui, tuseme hatujui, tumpeleke kwa anayejua. Fatwa ya dakika moja inaweza kumgharimu mtu miaka arobaini ya maisha yake, na ikaugharimu mji mzima mtu wa kuuhesabia.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali na amali yenye kukubaliwa. Wape vijana wetu uhifadhi na ujuzi kama ulivyompa Nabii Yusuf. Waondolee mama zetu madeni yanayowakausha. Tusamehe tuliyoyasema bila ya elimu. Aamin.

Mfikishie ujumbe huu kijana yeyote unayemjua aliyepangiwa chuo mwaka huu, na mjomba wake pia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.